Nyundo na Mulango

Wiki iliyopita fundi seremala alikuja kurekebisha kabati langu. Alipomaliza kupiga randa akatoa kitambaa na kopo la mafuta, akaanza kuzisugua mbao taratibu. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Harufu ya mafuta yale ikavipita vitunguu ikanifikia, nikazima moto, nikatafuta pa kukaa. Fundi akauliza, "Mama, unasikia kizunguzungu?" Nikamjibu kwamba ni moshi. Kwa kweli nilikuwa nimerudi Likasi, mtoto wa miaka tisa, nimechuchumaa kando ya uwanja wa mpira, namtazama mwanajeshi mwenye miwani akiipaka mafuta fimbo yake pana kana kwamba anamkanda mtoto mchanga.

Ninyi wa rika langu mnaujua wakati ninaousema, ingawa kila mmoja anaukumbuka kwa upande wake. Katanga ilikuwa nchi, au ndivyo tulivyoambiwa. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo tuliouimba shuleni tukiwa tumenyoosha shingo, na ilikuwa na askari wake, wale tuliowaita bajandarme. Kaka yangu Donati alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa kwanza, mimi nikiwa wa mwisho, na waliokuwa kati yetu wote walikuwa wamekufa wachanga. Sikujua Katanga imejitenga na nini wala kwa nini. Nilijua tu kwamba yaya Donati, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, ana viatu vyeusi vinavyolia anapotembea, na kwamba wasichana wa mtaani walikuja kuomba chumvi kwetu hata kama kwao ipo.

Halafu, katikati ya msimu wa mvua, vita vikatufikia na kwisha kwa siku moja. Asubuhi tulisikia milio upande wa mto, mchana kukawa kimya, jioni magari yakaingia yamejaa wanajeshi wenye buluu kichwani. Wengine walivaa kofia za buluu, wengine vilemba vya rangi hiyo hiyo, na ndevu zao zilikuwa zimefungwa vizuri. Walikuwa Wahindi wa jeshi la mataifa. Sikuwa nimewahi kumwona Mhindi. Bajandarme wakavua nguo zao wakayeyuka. Kulikuwa na kofia za jeshi kwenye mitaro, mikanda kwenye migomba, na soli za viatu zilitoka matopeni kwa miezi kadhaa.

Yaya Donati alirudi nyumbani siku ya pili, miguu mitupu, amevaa shati la mtu mnene kuliko yeye. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Baba alitazama nje pande zote, akafunga mlango, akaleta meza chini ya plafond, dari ya chumba cha nyuma.

Plafond ile aliitengeneza baba mwenyewe. Alikuwa mtu wa machimbo ya Kakontwe, mvunja mawe ya chokaa, na kila jioni alirudi mweupe hadi kwenye kope. Alishona magunia, akayakaza kwenye miti, akayapaka chokaa hadi yakawa magumu kama ubao. Kona moja ilikuwa na kipande kinachoinuka. Kaka yangu akapanda, akalala juu ya mbao mbili, chini ya mabati, na pale akakaa. Mchana bati liliwaka moto, mvua ikinyesha lilivuja. Kulikuwa na tundu la hewa ukutani, dogo, ambalo mtu angeweza kupitisha ngumi tu. Kupitia tundu lile aliona kipande chembamba tu cha ukingo wa uwanja wa mpira, ambako Wahindi walipiga hema zao.

Amri ya baba ilikuwa moja. "Unakaa mule. Hautoke, haukohoe, haupige mwayo. Mambo yote inapitaka. Hii nayo itapita."

Baba alikuwa hivyo katika kila jambo. Akiumwa jino alingoja. Msimamizi wake akimtukana alitazama chini akangoja. Mama alimpenda kwa hilo na alimchukia kwa hilo, wakati mwingine katika mlo mmoja.

Shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi baba alikwenda Kakontwe kwa miguu, maana kinga yake, baiskeli nyeusi nzito, aliogopa isichukuliwe na wanajeshi barabarani. Mchana mama alikwenda kwenye shamba lake la mihogo. Kuanzia hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili, mimi chini na kaka yangu juu. Nilipanda mezani nikampitishia bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, kwenye kona ile, na yeye akanipa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda uwanjani, kukaa na watoto wengine, kuangalia wanajeshi wanafanya nini, na kurudi kumweleza kila kitu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Siku ya kwanza nilirudi nikamwambia, "Yaya, banacheza."

"Banacheza? Basoda? Banacheza nini?"

Hapo nilishindwa. Nilimweleza kama nilivyoona. Wametandika mkeka mrefu wa kamba katikati ya uwanja. Mwisho wa mkeka wamesimika vijiti vitatu. Mbele ya vijiti anasimama mtu amejifunga mito miwili miguuni, ameshika fimbo pana mfano wa mwiko wa kusongea bukari. Mwingine anakimbia kutoka mbali, anazungusha mkono juu ya kichwa, anamtupia mpira mwekundu, mgumu, mdogo kama pera. Watu wengine wamesambaa uwanja mzima hawafanyi kitu. Kaka yangu alicheka akajiziba mdomo kwa shati. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu arudi.

"Wanaume bazima na ndevu," akasema, "na mwiko."

Baada ya siku chache nilikuwa nawajua wote, lakini wawili ndio waliotushika watoto wa mtaa mzima. Mmoja alikuwa jitu la mtu, mwenye kilemba na mabega ya fahali. Tulimwita Nyundo. Mpira ukija hakuungoja. Alitoka mahali pake akaufuata, mguu mbele, fimbo imeshatoka nyuma ya sikio, na akiupiga ulilia ko! mpaka ndege wakaruka kwenye mikaratusi. Mpira ulikwenda juu, ukavuka mtaro, siku moja ukaangukia bati la duka la mkate, na mwenye duka akatoka mbio akidhani vita vimerudi. Nyundo alipopiga, kila mtu uwanjani alitazama mbinguni, hata askari wa zamu pale barabarani.

Wa pili alikuwa mdogo, mwembamba, na ana miwani. Yule ndiye aliyeipaka fimbo yake mafuta kila alasiri kabla ya kuanza. Tulimwita Mulango, kwa sababu hakikupita kitu. Mpira ukija alitanguliza mguu wa kushoto, akainamisha kichwa juu yake kama anaunusa, akaishusha fimbo wima. Tuk. Mpira ukadondoka miguuni pake, umekwisha nguvu. Akauokota kwa adabu, akamrudishia aliyeutupa. Mpira ukija mbali na vijiti aliinua fimbo juu, akaupisha uende zake kama unavyompisha jirani mlangoni. Basi. Alasiri nzima ilikuwa tuk, tuk, tuk. Tulipiga miayo. Watoto wa kiume walimzomea, naye hakugeuka hata siku moja.

Kule juu kaka yangu alijifunza kuwatofautisha kwa sauti. "Saa nane ilikuwa Nyundo," aliniambia nikirudi. "Nilisikia. Kisha Mulango akaingia, akabakia mpaka mvua." Na kweli, mvua tu ndiyo iliyomwondoa Mulango. Hadi leo mtu akikung'uta mkeka mahali fulani mimi huhesabu bila kutaka, huyu ni wa ko, huyu ni wa tuk.

Sasa nieleze kosa langu, na sitalifanya dogo kwa kusema nilikuwa mtoto.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista wetu alikuwa na utaratibu wake. Alimwita mtoto mbele ya darasa, akamsimamisha, akamtupia swali. Ukijibu barabara, kwa sauti, darasa zima lilipiga makofi na wewe ukaenda kuketi. Usipojua, ukamung'unya maneno, alikutupia swali jingine, na jingine, na jingine, nawe ukabaki umesimama pale mbele. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa akisimama mpaka kengele ya saa sita. Hakuna aliyetupiga kiboko. Adhabu ilikuwa kubaki tu umesimama huku wenzako wameketi.

Mnaona ninakoelekea. Niliutazama mchezo wa Wahindi nikauelewa mara moja, kwa sababu ulikuwa katekesimu. Mwenye mpira anauliza, mwenye fimbo anajibu. Nyundo anajibu kwa sauti kubwa, mara mbili, tatu, tano, kisha anajibu jibu moja la juu kabisa, na mtu aliye mbali anaupokea mpira kwa mikono miwili, na hapo uwanja mzima unalipuka. Wanapiga kelele, wanakimbiliana, wanakumbatiana. Nyundo anaweka fimbo kwapani, anatembea hadi kwenye hema, nako wanampigia makofi, wanampa kiti cha kukunja na kikombe cha chai. Amefaulu, ameketi. Mulango, maskini, hajui jibu hata moja. Anatupiwa maswali mchana kutwa, anamung'unya tuk tuk, na hakuna anayempigia makofi wala anayempa chai. Wanamwacha juani mpaka mvua imwonee huruma.

Nilimweleza kaka yangu hivyo hivyo, na yeye alikubali. Alikuwa amepita mikononi mwa katekista yule yule. Tena alikuwa amelala juu ya mbao mbili kwa siku kumi na ngapi, anakojoa kwenye kopo, anasikia sauti tu. Alikuwa na njaa ya kuelewa kitu, chochote kile.

"Kumbe," akasema. "Basi miye njo Mulango."

"Apana, yaya. Weye hauko mujinga."

"Niko nasimama tu mbele. Kila siku naulizwa, kila siku sijibu. Baba anasema ngoja. Tangu nilizaliwa anasema ngoja."

Siku chache baadaye aligombana na baba. Waligombana kwa kunong'ona, baba amesimama juu ya meza, kichwa chake kimeingia kwenye kona ya plafond hivi kwamba sisi tulimwona kuanzia mabegani kushuka chini. Kaka yangu alitaka kutoka. Kupitia tundu la hewa alisikia watu wakisema kuna wenzake wamepitia njia ya Kapolowe, wakaenda mpaka ziwani Tshangalele, na kwamba wavuvi wanavusha watu. Baba alisema njiani kuna watu wenye bunduki wa kila aina, na kwamba mtu aliye ndani ya nyumba yake hana wa kumshika. Kaka yangu akasema jambo ambalo sikulisikia. Baba akashuka mezani. Kisha akasema, akitazama ukuta, si kwa kunong'ona tena:

"Kama unatoka mu hii nyumba, usirudie. Umesikia? Usirudie kwangu."

Mama akaweka mkono mdomoni. Kule juu kaka yangu akakishusha kipande cha plafond.

Kesho yake mchana nilipanda mezani na sahani. Hakuigusa. Uso wake ulikuwa umekonda, ndevu zimemea vibaya, na macho yalikuwa karibu sana na yangu. Akaniuliza, na ninawaandikia neno kwa neno kwa sababu nimelibeba tangu siku ile:

"Fina, unisemee kweli. Mu ule muchezo, nani anashindaka?"

Niliona fahari kuulizwa. Sikufikiri hata kidogo.

"Nyundo," nikasema. "Ule mwenye kutoka na kupiga. Hachelewe. Anapiga, bote banafurahi, anaenda kupumuzika. Ule mwenye kuzuia banamuachaka mu jua tu, yaya. Haishe."

Akanitazama. "Na wakati Nyundo anapiga, basoda banaangalia wapi?"

"Juu."

"Bote?"

"Bote. Hata ule wa barabara."

Alinyoosha mkono kupitia kona ile, akanishika shavu. Mkono ulinuka jasho na chokaa. "Weye unanisaidia kuliko baba," akasema. Nilishuka mezani nimevimba kwa furaha. Niliona nimemjibia swali lake, na kwamba sasa naye angeketi.

Alasiri ile nilikwenda uwanjani kama kawaida. Jua lilikuwa kali, mawingu yako mbali upande wa milima. Mulango alianza, tuk, tuk, na mara hii hata mimi nilimzomea. Kisha mwenzake aliyesimama mwisho wa pili wa mkeka akatoka na Nyundo akaingia, anazungusha mabega. Kaka yangu hakuwa ameniambia kitu, lakini nilikumbuka alivyoniuliza wanaangalia wapi. Mpira wa kwanza aliuacha. Wa pili aliupiga ko! ukavuka mtaro. Watoto walikimbia kuufuata. Wa tatu aliutokea mbele, akaupiga juu kuliko nilivyowahi kuona, ukawa kidoti chekundu. Vichwa vyote vikainuka, na mimi peke yangu nikatazama chini, kuelekea barabarani.

Kaka yangu alikuwa anapita. Alikuwa juu ya kinga ya baba, amevaa nguo za kazi za baba, zile za akiba, na alikuwa amejipaka chokaa usoni na mikononi, kwa hiyo mtu yeyote angeona mvunja mawe anarudi kutoka kazini Kakontwe. Alipita nyuma ya askari wa zamu, karibu kiasi cha kumgusa. Hakuongeza kasi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alikanyaga taratibu kama mtu anayekwenda kununua sabuni, akafika kona ya mikaratusi, njia ya Kapolowe, akakata.

Nyuma yangu uwanja ukalipuka. Mmoja wao alikuwa ameupokea mpira kwa mikono miwili. Wanaume wazima walirukiana vifuani, wakapiga kelele, na Nyundo akaweka fimbo kwapani akaanza kutembea kuelekea kwenye hema. Nikasimama. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha, nikimtazama Nyundo, na moyoni nikiwapigia wote wawili.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi na kukuta kipande cha plafond kimeinuka. Sitaandika sauti aliyoitoa. Baba alipofika, mweupe kama kawaida, alimkuta mama ameketi sakafuni. Mama hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia. "Weye njo ulimufukuza," akamwambia. "Ulimuambia asirudie. Sasa harudie." Baba aliangalia mahali kinga ilipokuwa ikiegemea ukuta. Kisha akaniangalia mimi.

"Fina, ulikuwa wapi?"

"Ku muchezo."

"Hakukuambia kintu?"

Nilitikisa kichwa. Nilifikiri naficha siri nzuri. Nilifikiri baada ya siku chache barua itakuja, au yaya mwenyewe, amenenepa, ananicheka, na hapo nitasema ni mimi niliyemwambia, na mama atanipigia makofi.

Hazikupita wiki mbili, gari lenye kipaza sauti likapita mitaani kwetu. Lilisema kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kwamba vijana waliokuwa bajandarme watoke, waweke bunduki kama wanazo, warudi kwao na makazini kwao, hawatafanywa kitu. Hakuna aliyeamini. Kisha mtoto wa jirani yetu mama Zoe akatoka, yule aliyekuwa amejificha kwenye banda la kuku mpaka nywele zikajaa manyoya. Alitembea mchana kweupe hadi dukani, akanunua sigara moja, akarudi. Kesho yake wakatoka wengine wawili. Jumapili walijaa kanisani. Mama aliwatazama mmoja mmoja walipokwenda kupokea komunyo, na yeye hakuinuka kwenye benchi.

Mchezo uliendelea pale uwanjani. Nilirudi kwenda kuutazama, kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Siku hizo kwenye hema alikuwapo papa Simoni, mzee wa mtaa wetu aliyewahi kuosha vyombo miaka mingi kwenye klabu ya wazungu wa migodi huko Ndola. Alijua Kiingereza, na Wahindi walimchukua awe mkalimani wao. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja ana kikombe chake. Mulango alikuwa mkekani, tuk, tuk. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka mtu mzima aniambie nimeelewa.

"Papa Simoni, juu ya nini banamuachaka ule wa miwani mu jua kila siku? Hajue kujibu?"

"Kujibu nini, mutoto?"

"Maulizo."

Alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alipenda kujua jambo wasilolijua wengine, akanieleza polepole.

"Ule wa miwani njo muzuri kupita bote. Kazi yake ni kubakia. Anachunga bile bijiti bitatu. Bale bengine bote banatafuta kumutosha, aende kukaa, banashindwa. Akibakia mpaka mangaribi, ba upande yake banalala muzuri."

"Na Nyundo? Bote banamufurahia. Banakumbatiana."

"Apana." Aliweka kikombe chini. "Bale benye kukumbatiana ni ba adui yake. Beko nafurahi sababu bamemukamata. Anapiga muzuri, ndiyo, lakini anapiga juu, na mupira ya juu inapataka mikono. Yeye anaenda kukaa sababu mambo yake inaisha. Hawezi kurudia tena."

Nilimwuliza kuhusu wale wa kwenye hema wanaompigia makofi. Akasema hao ni wenzake, wanamsalimia tu anaporudi, ni adabu yao. Nilisimama pale. Mulango aliupokea mmoja tena, akauokota, akaurudisha. Sikulia. Nikajua, kama mtu mzima anavyojua, kwamba nimemuua kaka yangu au nimefanya kitu kinachofanana na hicho.

Hatukupata maiti, wala barua. Mtu wa Tshangalele, muuza samaki, alisema alimwona kijana aliyepakaa chokaa akibadilisha kinga nyeusi kwa nafasi kwenye mtumbwi. Mwingine akasema kijana huyo alikuwa mfupi. Wengine walisema waliovuka walikwenda Angola na kwamba siku moja watarudi na mizinga. Walirudi baadhi, baada ya miaka, wala hawakuwa na mizinga, na mama aliwaendea wote na picha. Niliona uso wa mama ukigeuka uso wa mtu anayesikiliza mlango. Alikuwa anapika, anaongea, anacheka hata, na sikio lake liko nje.

Watu wanaoujua mchezo ule wananiambia kwamba papa Simoni naye alisema nusu. Kuna siku za kuzuia na kuna siku za kupiga, wanasema, na anayezuia tu siku isiyo yake naye anapoteza. Mtoto wa mama Zoe, aliyengoja vizuri kwenye banda la kuku, alichukuliwa miaka michache baadaye katika fujo nyingine, kutoka kitandani mwake. Najua. Najua pia kwamba kijana wa miaka ishirini haongozwi na msichana wa miaka tisa aliyekosa kuelewa mpira. Mume wangu aliniambia hivyo, padri aliniambia hivyo, na kila mara nilishukuru, na haikunisaidia. Wao hawakuwa juu ya meza ile. Hawakuona macho yake niliposema Nyundo.

Nilichokosa kuwaambia mume wangu na padri ni habari ya baba.

Tangu alasiri ile mama hakumwita baba kwa jina. Alimpikia, alimfulia, alilala upande wake wa kitanda, na kila walipotofautiana, hata juu ya chumvi, ilirudi pale pale: "Ulimuambia asirudie." Baba hakujitetea hata mara moja. Alitazama chini. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na sahani yangu, ninajua, na neno limefika kwenye meno. Nilijiambia nitalisema nikipata komunyo. Nikapata. Nilijiambia nitalisema nikiolewa. Mama akafa bado anamlaumu, nami nilikuwa nimemshika mkono. Ukweli ni kwamba niliogopa uso ule ungenigeukia mimi.

Baba aliishi miaka sita baada yake. Chokaa ilikuwa imemjaa kifuani, alipumua kama mtu anayeburuta kitu sakafuni. Nilimleta kwangu. Asubuhi moja, nikimnywesha uji, alinishika kifundo cha mkono, na kwa mkono ule uliovunja mawe alikuwa bado ana nguvu.

"Fina. Siku ile. Weye njo ulimupelekea chakula." Akangoja pumzi. "Alitoka sababu ya neno yangu?"

Alikuwa ananiomba. Mtu ambaye maisha yake yote hakuomba kitu kwa mtu alikuwa ananiomba neno moja, nami nilikuwa nalo, na hakukuwa na mwingine duniani aliyekuwa nalo. Kijiko kilikuwa hewani. Nilimtazama machoni, nikafungua mdomo.

"Siyui, baba," nikasema.

Akaniachia mkono. Akasema aksanti, akanywa uji wote. Keshokutwa yake akafa, akiwa bado anaamini kwamba ni yeye.